Watu wa Jimbo la Maine

Mwanzoni mwa mwaka huu mwalimu wetu wa Jiografia aliingia darasani na kopo tupu la rangi, na ndani yake mlikuwa na vikaratasi hamsini. Akatuambia kwamba kila mmoja wetu atachomoa kimoja, na jina atakalolikuta ndilo jimbo la Marekani atakaloandika habari za watu wake: ni wangapi, wana umri gani, wametoka wapi, na kwa nini wako pale walipo. Darasa letu lina wanafunzi arobaini na watatu, kwa hiyo majimbo saba yalibaki kopeni. Bahati mbaya langu halikuwa miongoni mwa hayo saba.

Aliyepata California alibebwa juu juu mpaka dirishani. Aliyepata Texas alipiga meza mpaka akakemewa. Mimi nilipofungua changu nilikuta neno "Maine", nikalisoma kwa sauti kama lilivyoandikwa, ma-i-ne. Darasa zima likacheka. Mwalimu akanisahihisha kwamba hutamkwa "Mein", lakini alikuwa amekwisha chelewa. Toka siku ile naitwa Bwana Maine, na hata mpishi huniita hivyo anaponipakulia maharage.

Basi nilikwenda maktaba kwa shingo upande. Kitabu cha ramani kilinionyesha kwamba Maine liko pembeni kabisa, kaskazini-mashariki, limeingia Kanada kama kidole. Katika yale majimbo 48 yaliyoshikana, hili peke yake ndilo linalopakana na jimbo moja tu, New Hampshire. Lilikuwa sehemu ya Massachusetts mpaka mwaka 1820 lilipojitenga. Karibu sehemu tisa katika kumi za nchi yake ni msitu. Nikajiambia kwamba hapa hapana la kuandika ila miti na baridi.

Mimi ni mtu wa Handeni, mkoa wa Tanga, na mtu akitaka kupima kitu cha mbali hukipima kwa kile anachokijua. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilikuta watu 1,362,359 katika Maine. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 2.6 katika mkoa wa Tanga. Na Tanga, ukihesabu na maziwa ya Maine, haufiki theluthi moja ya ukubwa wa jimbo hilo. Yaani sisi ni karibu mara mbili yao, nasi tumebanana mahali padogo zaidi. Hapo ndipo kazi ilipoanza kunipendeza kidogo, maana sikuwa nimetarajia kuishinda Marekani kwa jambo lolote.

Lakini lililonishika hasa ni umri. Ukiwapanga watu wote wa Maine mstari mmoja, toka kitoto kichanga mpaka kikongwe, yule atakayesimama katikati kabisa atakuwa na miaka karibu 45. Hakuna jimbo lingine la Marekani ambalo mtu wake wa katikati ni mzee hivyo. Kwa Marekani nzima mtu huyo ana miaka karibu 39. Kwa Tanzania ana karibu 18. Angeweza kuwa mimi, au jirani yangu wa dawati.

Mwalimu alitutaka tuchore mchoro wa umri, watoto chini na wazee juu, wanaume kushoto na wanawake kulia. Kwanza nilichora wa Tanzania ili nijizoeze, ukakaa vizuri kama kichuguu, mpana chini na mwembamba juu. Wa Maine ulitoka kama mtungi: kitako chembamba, tumbo limefura kwenye miaka 55 hadi 70, kisha shingo. Rafiki yangu aliyekuwa akichora Texas aliutazama akasema nimeugeuza kichwa chini. Nilifuta, nikahesabu tena, ukatoka vile vile.

Sababu zake ni rahisi kuzieleza. Baada ya vita, kati ya mwaka 1946 na 1964, Wamarekani walizaa watoto wengi sana, na hao ndio lile tumbo la mtungi. Wao wenyewe walizaa wachache. Na wale wachache, walipokua, wengi waliondoka kwenda Boston na miji mingine kutafuta kazi. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa wanaokufa Maine wamekuwa wengi kuliko wanaozaliwa. Kama jimbo linaongezeka, na siku hizi linakisiwa kufika karibu watu milioni 1.4, ni kwa sababu ya wanaohamia toka nje.

Kaskazini kabisa kuna wilaya iitwayo Aroostook, ambako hulimwa viazi. Zamani shule za huko zilifungwa majuma kadhaa kila mwaka ili watoto wakavune viazi kwa mikono, na baadhi zimeendelea na desturi hiyo hata baada ya mashine kuja. Mwaka 1960 wilaya hiyo ilikuwa na watu kama 106,000. Mashine zikachukua kazi ya mikono, kisha mwaka 1994 kambi kubwa ya ndege za kijeshi ikafungwa. Mwaka 2020 walihesabiwa watu kama 67,000 tu. Nilipoandika tarakimu hizo mbili, moja juu ya nyingine, niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimemkumbuka Bibi.

Nikiwa likizo huishi kwa Bibi, mama yake baba. Mama alikwisha fariki, na baba huendesha lori akikaa Dar es Salaam. Katika sensa ya mwaka 2022 nilikuwa na miaka kumi na minne, nami nilikuwapo nyumbani karani wa sensa alipobisha hodi, kijana amevaa kizibao, kishikwambi mkononi. Bibi akampa kigoda na maji. Karani akauliza: "Bibi, usiku wa kuamkia tarehe 23 walilala watu wangapi katika nyumba hii?"

Bibi akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwanangu mkubwa, yuko Dar. Wa pili, yuko Morogoro. Binti yangu, ameolewa Korogwe. Wa mwisho, yuko Dar naye. Huyu mjukuu wangu. Na mimi.

"Shikamoo tena, Bibi," akasema karani, maana alikuwa na adabu, "lakini hao hawakulala hapa."

"Hawakulala, lakini vitanda vyao viko. Njoo uone."

"Vitanda hatuhesabu, Bibi."

Bibi alimtazama kwa muda. Kisha akasema: "Basi andika wawili, uende." Jioni karani alipopita tena njiani akarudia kuamkia, na Bibi aliitikia marahaba kwa sauti ndogo sana, akiwa amempa kisogo.

Nilikuja kufahamu baadaye, kwa sababu ya Maine, kwamba wote wawili walikuwa na haki. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku ule. Sensa ya Marekani humhesabu pale anapokaa siku zote, hata kama usiku huo hayupo. Bibi alikuwa akihesabu kwa desturi ya Marekani, ingawa kwa kweli hata Wamarekani wasingekubali mwana aliyekaa Dar miaka kumi na mitano. Maine lenyewe linajua habari za vitanda vitupu. Hakuna jimbo lingine lenye sehemu kubwa zaidi ya nyumba za mapumziko, ambazo hufunguliwa wakati wa joto tu na kufungwa baridi inapoingia. Tofauti ni kwamba vitanda vya huko ni vya matajiri wa miji mingine, na cha kwetu ni cha baba yangu.

Sasa nieleze habari ya rangi na asili, maana hilo ni sharti katika kazi ya mwalimu.

Sensa ya Marekani huuliza kila mtu rangi yake, na mtu hujichagulia kisanduku mwenyewe. Tangu mwaka 2000 anaruhusiwa kuchagua zaidi ya kimoja. Mwaka 2020 watu 90.8 katika kila mia huko Maine walijiandika weupe tu, nalo ndilo jimbo lenye sehemu kubwa ya weupe kuliko yote. Weusi walikuwa karibu wawili katika mia. Nilipoona hivyo nilidhani kazi imekwisha: ni jimbo la wazungu wazee, nukta. Mwalimu akanirudishia daftari na swali moja la wino mwekundu: "Wazungu gani?"

Nikarudi tena maktaba, na Jumamosi kwenye chumba cha kompyuta. Nikakuta kwamba kile kisanduku kimoja kina watu waliogombana sana. Katika karne ya 19 viwanda vya pamba vilijengwa kando ya mito, na katika mji wa Lewiston, juu ya mto Androscoggin, wafanyakazi waliletwa kwa treni toka Quebec, nchi ya Kanada ambako husemwa Kifaransa. Walikuwa maskini, Wakatoliki, wenye watoto wengi. Wenyeji wa asili ya Kiingereza hawakuwapenda. Mwaka 1919 ilitungwa sheria kwamba katika shule za serikali watoto wafundishwe kwa Kiingereza tu, na wazee wanasimulia jinsi walivyoadhibiwa kwa kusema Kifaransa uwanjani. Sheria hiyo ilikaa mpaka miaka ya 1960. Katika miaka ya 1920 chama cha Ku Klux Klan kilipata maelfu ya wafuasi Maine, na waliowachukia hasa walikuwa hao Wakatoliki wa Kifaransa. Leo wajukuu wao wote ni "weupe" katika hesabu, na asiyejua angedhani walikuja pamoja kwa merikebu moja.

Wenye nchi kabla yao wote ni Wawabanaki, nao ni Wapenobscot, Wapassamaquoddy, Wamaliseet na Wami'kmaq. Wangali huko, ingawa hawafiki hata mmoja katika mia. Waliokaa katika maeneo yao waliyotengewa hawakuruhusiwa kupiga kura za jimbo mpaka mwaka 1967. Na watu weusi pia walikuwako zamani. Katika kisiwa kidogo cha Malaga waliishi watu kama 45, weusi na weupe waliooana, wavuvi maskini. Mwaka 1912 serikali ya jimbo iliwafukuza wote, wengine ikawafunga katika nyumba ya watu wenye akili pungufu, na makaburi yao ikayafukua ikahamisha mifupa. Jimbo liliomba radhi mwaka 2010. Habari hii sikuipenda, nami niliisoma mara mbili.

Viwanda vya Lewiston vilikufa kimoja kimoja. Mwaka 1970 mji ulikuwa na watu 41,779. Mwaka 2000 walibaki 35,690. Nyumba za ghorofa za wafanyakazi zikawa tupu. Ndipo tangu mwaka 2001 walipoanza kuja Wasomali, wakimbizi waliokwisha pokewa katika miji mingine ya Marekani, wakitafuta mahali pa utulivu penye nyumba za bei nafuu. Mwaka 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwaomba Wasomali wapunguze kuja, kwamba mji umeelemewa. Barua hiyo ikasikika mbali. Januari mwaka 2003 kundi la wabaguzi likaja kufanya mkutano Lewiston, likapata watu makumi machache. Siku hiyo hiyo wenyeji wa Maine walikusanyika kwa maelfu kuwatetea jirani zao. Wasomali hawakuondoka. Mwaka 2015 timu ya mpira wa miguu ya shule ya sekondari ya Lewiston, iliyojaa watoto wa wakimbizi, ilichukua ubingwa wa jimbo bila kufungwa mchezo hata mmoja. (Wenzangu wa Texas na California walinyamaza niliposoma mahali hapa.) Na sensa ya mwaka 2020 ilikuta Lewiston ina watu 37,121. Mtungi umeanza kupata kitako.

Sasa linakuja jambo ambalo lilinitoa usingizi.

Nilisoma kwamba miongoni mwa wakimbizi wa Lewiston wako watu waitwao Wabantu wa Somalia. Asili yao si Somalia. Katika karne ya 19 watu wengi wa nchi zetu, Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo na Wazigua, walitiwa utumwani, wakapelekwa kwa majahazi mpaka pwani ya Somalia kulima mashamba ya bonde la Shabelle. Wengi walitoroka wakajenga vijiji vyao katika msitu wa kando ya mto Juba. Walikaa huko vizazi vingi wakidharauliwa. Vita vilipoanza mwaka 1991 waliporwa ghala zao, wakakimbilia kambi ya Dadaab nchini Kenya. Lilijadiliwa kwanza suala la kuwarudisha Tanzania au Msumbiji, lakini halikufanikiwa. Marekani ikakubali kuwapokea watu kama 12,000, nao wakaanza kusafirishwa mwaka 2003.

Mimi ni Mzigua. Kisa hiki nilikisikia nikiwa mdogo, kwa Bibi, kabla sijajua kusoma. Alisema ilikuwa njaa kubwa, watu wakaambiwa na wenye majahazi kwamba iko nchi ya chakula na kazi, na njaa ikiisha watarudishwa. Wakapanda. Bibi alikuwa akisema jina la mto Juba kama mtu anayetaja kijiji cha jirani, nami nikadhani ni hadithi tu kama za sungura. Tena alisimulia jinsi wengine walivyofika Tanga baharini katika miaka ya 1990, wakakaa mwisho Chogo, huko kwetu, wakapewa uraia wa Tanzania. Alikwenda kuwaona. Alisema walikuwa wakisema Kizigua cha zamani, chenye maneno aliyoyasikia mara ya mwisho kwa bibi yake yeye.

Kwa hiyo nilijaa furaha nikaandika katika daftari kwa herufi kubwa kwamba Wazigua wako Maine. Haraka haraka haina baraka. Niliposoma zaidi nilikuta kwamba Wabantu wengi wa Lewiston husema Kimaay, lugha ya Somalia. Wanaosema Kizigua ni hasa wale wa Juba ya chini, nao wametawanyika katika miji mbalimbali ya Marekani, mmojawapo Pittsburgh, ulio mbali na Maine. Kama wako wachache Lewiston, hesabu haiwezi kuniambia. Ilinibidi kufuta herufi zangu kubwa, na karatasi ikatoboka.

Hapo ndipo tulipobishana darasani. Mimi nilisema kwamba sensa ya Marekani ina kisanduku kimoja cha weusi, na ndani yake wamo Msomali, Mbantu wa Juba, Mkongo aliyefika mji wa Portland mwaka 2019, na mjukuu wa watu wa Malaga, kana kwamba walizaliwa nyumba moja. Mwenzangu mmoja akajibu kwamba ni afadhali wao wanauliza; sisi tuliuliza kabila mara ya mwisho katika sensa ya mwaka 1967, na tangu hapo hatuulizi kabisa. Akanigeukia akaniuliza: Wazigua tuko wangapi sasa? Sikuwa na jibu. Mwingine akasema ndiyo maana tunalala bweni moja bila ugomvi. Mwalimu hakuamua. Mimi nafikiri wasiouliza wametenda jema, na bado ningependa kujua tuko wangapi. Mambo hayo mawili sijaweza kuyapatanisha.

Nilipata alama 15 katika 20. Mwalimu aliandika: "Kazi nzuri, ila uliulizwa Maine, si Handeni." Mchoro wangu wa mtungi umebandikwa ukutani karibu na mlango, na wa Kidato cha Tatu wakipita huuinamia kwa kichwa wakidhani umepachikwa vibaya.

Likizo ya Juni nilikwenda na nakala kumwonyesha Bibi. Nilimweleza kwamba kila mstari ni watu wa umri fulani, na kwamba huko wazee ni wengi kuliko watoto. Aliutazama mchoro muda mrefu, akaweka kidole juu ya lile tumbo la mtungi.

"Na hawa wote, nani anawachotea maji?"

Nikasema maji yao ni ya bomba, yako ndani ya nyumba.

"Sikuuliza bomba," akasema.

Nikamweleza kwamba katika nyumba za kulelea wazee na hospitali za Maine wapo wahamiaji wengi wanaofanya kazi ya kuwatunza, na kwamba wamo pia wale waliotoka Afrika. Akauliza kama ni wale ndugu wa watu wa Chogo. Nikasema huenda, baadhi yao. Akanyamaza, kisha akasema kwamba basi walikwenda mbali sana kuchota maji, na akaingia ndani kuweka chungu motoni.

Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wetu wa mwisho. Baba anataka niende Dar es Salaam nikisubiri matokeo, amekwisha nitafutia kazi ya mkono kwenye gereji ya rafiki yake. Bibi hakusema lolote juu ya hilo. Asubuhi nilipokuwa nikiondoka kurudi shule nilimkuta amekitandika upya kitanda changu, ingawa nilikuwa nimekwisha kitandika mwenyewe. Sensa ikifuata desturi ya miaka kumi, inayokuja ni mwaka 2032. Nitakuwa na miaka ishirini na minne, na sijui usiku huo nitalala wapi.